MPIRA SI MPIRA TU
Jinsi vijazo vinavyoupa mpira wa silikoni nguvu ya kustahimili moto



Wahenga walisema ajali haina kinga. Nami sipingani na wahenga, lakini ajali iliyonipata likizo iliyopita ilikuwa na kinga, tena ya bei nafuu. Shida ni kwamba sikuijua. Ndiyo maana nimeshika kalamu, ili mwenzangu asije akafanya nilivyofanya.

Ilikuwa Jumamosi. Kwenye mashine ya kusaga ya mjomba wangu watu walikuwa wengi, ndoo na magunia ya mahindi yamepanga foleni hadi nje. Mjomba alikuwa ameenda mjini kununua dizeli, akaniachia kazi kwa sababu kila likizo huwa namsaidia. Mara nikaona mafuta yanachirizika kutoka kwa kifuniko cha juu cha injini. Gasketi yake ilikuwa imechanika. Kwa ujuaji wangu nikachukua tyubu kuukuu ya lori, nikaikata kwa wembe kufuata umbo la kifuniko, nikakaza bolti, nikawasha. Injini ikanguruma vizuri kabisa. Akina mama wakanisifu, wakasema, "Huyu sasa ni fundi!" Kichwa kikavimba.

Haikupita saa moja, na mpira nao ukavimba. Ulilainika kama chingamu iliyotafunwa, ukatoka pembeni, na mafuta yakamwagikia ekzosi iliyokuwa moto sana. Kwanza moshi, halafu mwali. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni alichota mchanga kwa karai akauzima ule moto. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia, ingawa kulikuwa na mtoto mdogo amesimama na mamake hatua mbili tu kutoka pale. Mkanda wa mashine uliungua. Kwa siku tisa akina mama wa kijiji chetu walibeba mahindi mgongoni hadi mashine ya ng'ambo ya mto.

Mjomba aliporudi hakunigombeza. Aliokota kile kipande cha tyubu, akakibonyeza kwa kidole, akaniuliza, "Kijana wangu, ulidhani mpira ni mpira tu?"

Sikuwa na jibu. Leo ninalo, na ndilo somo letu.

MPIRA NI MNYORORO

Mpira wowote, uwe wa ndala, wa gurudumu au wa gasketi, umeumbwa kwa minyororo mirefu sana ya atomu. Minyororo hiyo imejikunja na kupitana kama tambi ndani ya sufuria. Ukiuvuta mpira, minyororo inanyooka. Ukiuachilia, inajikunja tena. Lakini kama minyororo haijafungwa pamoja, itateleza, na mpira utakuwa kama ulimbo. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto, minyororo inashikana kwa vidaraja. Hapo ndipo mpira ulipoanza kuwa kitu cha kutegemewa.

Katika mpira wa kawaida, pamoja na ule wa tyubu, uti wa mgongo wa mnyororo ni kaboni. Kaboni ndiyo iliyo ndani ya makaa, petroli na mafuta ya taa, kwa hiyo usishangae mpira huo ukiungua vizuri. Zaidi ya hayo, mafuta ya injini ni jamaa yake. Yanapenya katikati ya minyororo, mpira unavimba na kulegea. Basi gasketi yangu ilikuwa na maadui wawili: joto na mafuta.

Mpira wa silikoni ni wa ukoo mwingine. Uti wake wa mgongo hauna kaboni. Una atomu ya silikoni, halafu ya oksijeni, halafu silikoni, halafu oksijeni, hivyo hivyo hadi mwisho. Kaboni ipo pembeni tu, katika vikundi vidogo vinavyoning'inia kama majani kwenye tawi. Silikoni na oksijeni ndizo zilizomo ndani ya mchanga wetu wa mtoni. Unaweza kusema mpira huu ni mchanga uliofundishwa kunyumbuka.

Faida yake ni nini? Kuvunja kifungo cha kaboni na kaboni kunahitaji nishati ya takriban kilojuli 350 kwa kila moli. Kifungo cha silikoni na oksijeni kinahitaji takriban 450. Kwa sababu hiyo mpira wa silikoni unaweza kufanya kazi kwa muda mrefu kwenye joto la nyuzi 200 za selsiasi, na ukipelekwa kwenye baridi ya nyuzi 50 chini ya sufuri bado unanyumbuka. Mpira wa kawaida wa mti ukikaa muda mrefu kwenye joto la nyuzi 100 unaanza kuchoka.

Huo ndio mpira ulio ndani ya ile gundi nyekundu ambayo mafundi wetu wa jua kali wanaipaka kwenye injini. Wengi wetu tumeiona mikononi mwao, lakini sijui kama kuna aliyewahi kuuliza mbona ni nyekundu.

SILIKONI PEKE YAKE NI DHAIFU

Hapa kuna jambo lililonishangaza. Mpira wa silikoni ukiwa safi, bila kuchanganywa na chochote, hauna nguvu kabisa. Unachanika kwa kucha. Hauwezi kuziba injini wala bomba. Nguvu yake inatoka kwa kile kinachotiwa ndani, yaani kijazo.

Kijazo si kitu kigeni kwetu. Saruji inatengenezwa hapa karibu, Athi River, lakini hakuna fundi anayejenga nguzo kwa saruji tupu. Anatia mchanga na kokoto. Nyanya zetu walipokandika kuta za nyumba, walichanganya udongo na nyasi au samadi, maana udongo peke yake ungekauka ukapasuka. Gurudumu la gari nalo ni jeusi kwa sababu limetiwa masizi laini sana. Mpira wenyewe wa mti si mweusi. Magurudumu ya zamani, kabla ya masizi kuanza kutumika mwanzoni mwa karne ya 20, yalikuwa na rangi nyeupe nyeupe na yaliisha upesi. Ukivaa akala, basi unatembea juu ya kijazo.

Kwa mpira wa silikoni, kijazo kikuu ni silika, yaani unga wa silikoni na oksijeni. Si mchanga uliosagwa hivi hivi. Ni silika iliyotengenezwa ndani ya mwali wa moto, na chembe zake ni ndogo ajabu, upana wake kama milimita moja iliyogawanywa mara 100,000. Jambo la kukumbuka ni hili: kadiri chembe zinavyokuwa ndogo, ndivyo ngozi yake kwa jumla inavyokuwa kubwa. Chukua kiazi ukikate vipande. Maganda hayaongezeki, lakini sehemu zinazogusa mafuta ya kukaangia zinaongezeka. Gramu moja ya silika hiyo ina ngozi ya mita za mraba 200 au zaidi. Uwanja wetu wa voliboli, mita 18 kwa 9, una mita za mraba 162. Yaani ungeweza kuutandika wote na bado ukabakiwa na kipande.

Ngozi hiyo yote inashikana na minyororo ya mpira. Ufa ukitaka kupita, unakutana na chembe, unalazimika kuzunguka, unakutana na nyingine, mwisho unachoka. Kwa njia hiyo silika inaweza kuongeza nguvu ya mpira wa silikoni mara 10, mara 20 au zaidi.

Vijazo vingine havitoi nguvu nyingi, bali vinapunguza gharama na kuufanya mpira uwe mgumu kiasi. Kimoja ni diatomaiti, ule mwamba mweupe mwepesi unaochimbwa Kariandusi, karibu na Ziwa Elementaita. Diatomaiti ni maganda ya mimea midogo sana iliyoishi majini zamani za kale, na maganda hayo ni silika.

Na ule wekundu? Ni oksidi ya chuma, yaani ndugu wa kutu. Kwenye joto kali, oksijeni ya hewani inashambulia vile vikundi vya kaboni vilivyo pembeni mwa mnyororo, na mpira unakuwa mgumu na kupasuka. Oksidi ya chuma kidogo tu inapunguza kasi ya mashambulizi hayo, na mpira unavumilia joto la juu zaidi. Sasa tazama viatu vyako ukifika nyumbani jioni. Udongo mwekundu wa Machakos unaovichafua umepata rangi yake kutoka kwa oksidi ya chuma pia. Kumbe wekundu wa gundi si urembo.

MOTO UKIZIDI: KAZI YA UKOKO

Hadi hapa tumezungumzia joto la injini. Je, moto ukizidi, ukafika nyuzi 1,000 au 2,000? Hakuna mpira unaoweza kubaki mpira hapo. Lakini mpira unaweza kufa kwa faida, na hilo ndilo wanasayansi wanaita ablesheni.

Maana ya ablesheni ni kitu kujitoa kidogo kidogo juu ili kilicho chini kisalimike. Mpira wa silikoni wenye vijazo ukipigwa na moto mkali hufanya mambo matatu. Kwanza, minyororo inavunjika, na kuvunjika huko kunakula joto, jinsi jasho linavyokula joto la mwili linapokauka. Pili, mvuke na gesi zinazotoka zinasukuma nyuma ile hewa ya moto. Tatu, nyuma inabaki silika pamoja na vijazo vingine, vinashikana na kuwa ukoko. Sote tunaujua ukoko wa ugali unaobaki sufuriani. Ukoko wa mpira ni mgumu, una vitundu vingi, na haupitishi joto kwa urahisi. Moto unauchoma ukoko, mpira ulio chini yake unapata nafuu.

Ukoko wa silikoni tupu, hata hivyo, ni unga mweupe tu. Ukipulizwa unaruka, na moto unakuta mpira mpya. Kwa hiyo vijazo vina kazi ya pili: kuushika ukoko. Nyuzi za kioo au za kaboni zinaushona usibanduke. Unga wa kioo unayeyuka na kugandisha chembe pamoja. Unga wa maika, yale mawe yanayometameta, unaongeza uimara. Kuna nyaya za umeme zilizofunikwa kwa mpira wa silikoni wa aina hii. Nyumba ikishika moto, mpira wake unageuka kuwa kama chungu kilichochomwa, na umeme unaendelea kupita kwa muda ili kengele za hatari zilie na taa za kuonyesha njia ziwake. Fikiria bweni lenye watoto wamelala, utajua thamani ya dakika chache.

MALINDI, MUKUKU NA SAYARI YA MIRIHI

Huenda ukasema, "Haya ni mambo ya ng'ambo." La hasha. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1988 roketi za Scout zilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililo baharini karibu na Malindi, katika mradi wa Italia ulioongozwa na Profesa Luigi Broglio. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka hapo, ikaitwa Uhuru. Jina letu la Kiswahili likapaa.

Scout ilitumia mafuta makavu. Katika roketi za namna hiyo moto unawaka ndani ya mtungi wenyewe, na gesi yake ina joto la kuyeyusha chuma. Mtungi haukingwi kwa chuma kinene, maana roketi ingekuwa nzito ishindwe kupaa. Unavalishwa ndani bitana ya mpira wenye vijazo, inayoungua pole pole na kujenga ukoko hadi mafuta yaishe. Mara nyingi mpira huo si wa silikoni bali wa aina nyingine, lakini kanuni ni ile ile.

Kurudi kutoka angani nako ni moto. Tarehe 30 Desemba 2024, katika kijiji cha Mukuku, kaunti jirani ya Makueni, pete ya chuma yenye upana wa karibu mita mbili na nusu na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka kutoka juu. Kijijini kwetu wengine walisema ni bomu, wengine wakasema ni mwisho wa dunia. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kwamba ni kipande cha chombo cha kurushia, na kwamba vitu kama hivyo kwa kawaida hukusudiwa viungue vinaporudi katika hewa au vianguke mahali pasipo na watu, kama baharini. Kitu kinachozunguka dunia karibu nayo kinaenda kasi ya kilomita 28,000 kwa saa hivi. Kikiigonga hewa kwa kasi hiyo, hewa iliyo mbele yake inabanwa na kuwa moto kupindukia.

Sasa, kama unataka kitu kisiungue, kwa mfano kwa sababu ndani mna watu? Mwaka 1965 na 1966 Wamarekani walirusha vyombo vya Gemini, watu wawili kwa kila chombo. Ngao iliyowakinga wakirudi ilikuwa na vyumba vidogo kama sega la nyuki, vilivyotengenezwa kwa nyuzi za kioo, na ndani ya kila chumba mlijazwa mpira wa silikoni. Viking 1 iliyotua kwenye sayari ya Mirihi tarehe 20 Julai 1976 ilikingwa na mpira wa silikoni uliotiwa unga wa koki, yaani ganda la mti la kutengenezea vizibo vya chupa, pamoja na vipira vidogo vya silika vyenye uwazi ndani. Ganda la mti hadi Mirihi!

Lakini tusiseme silikoni inashinda kila kitu. Chombo cha Curiosity kilichotua Mirihi mwaka 2012 kilikuwa kikubwa zaidi. Mpira ule ule ulipojaribiwa kwa ajili yake, ulishindwa kustahimili hewa ya moto inayopita kwa nguvu na kuukwangua. Wahandisi wakabadilisha, wakatumia ngao ya nyuzi za kaboni. Kila mpira una moto wake.

JARIBIO LETU

Nilimweleza mwalimu wetu wa kemia habari za gasketi yangu. Akasema, "Usiniambie, nionyeshe." Basi tukafanya jaribio kwenye maabara, madirisha wazi, yeye akiwa amesimama pale. Nakusihi usilifanye peke yako wala ndani ya nyumba, maana moshi wa mpira ni sumu.

Tulinunua silikoni nyeupe ya kuzibia vioo vya madirisha, ile inayonuka kama siki ikiwa mbichi. Tukatengeneza visahani vinne vya ukubwa mmoja, tukaviacha wiki nzima vikauke. Cha kwanza kilikuwa silikoni tupu. Cha pili kilitiwa unga wa tofali uliochungwa kwa kitambaa. Cha tatu kilitiwa unga wa tofali pamoja na nyuzi za ile waya ya kusugulia sufuria. Cha nne kilitiwa unga wa tofali na unga wa mbao. Unga huo wa mbao aliuleta mwenzetu ambaye babake ni mchongaji wa vinyago Wamunyu.

Nyuma ya kila kisahani tulibandika tone la nta ya mshumaa, mbele tukakielekezea mwali wa kichomeo cha gesi. Nta ikianguka, joto limepenya. Saa ya kupimia hatukuwa nayo, tulihesabu kwa mdomo darasa zima, kwa hiyo nitakupa mpangilio tu, si dakika.

Silikoni tupu ilikuwa ya kwanza kushindwa. Ilivimba, ikapasuka, ikawa unga mweupe unaoanguka mezani. Kisahani cha unga wa tofali kilidumu zaidi na kikashika ukoko, ingawa ulikuwa na nyufa. Cha waya ndicho nilichokuwa nimekitegemea. Ukoko wake ulikuwa mgumu kuliko wote, nilipougonga kwa penseli ulilia "ko ko". Lakini nta yake ilianguka mapema kuliko ya kisahani cha tofali! Darasa likacheka. Mwalimu akauliza, "Waya ni nini?" Chuma. Na chuma hupitisha joto. Nyuzi zangu ziliushona ukoko, lakini pia ziliufungulia moto mlango wa nyuma.

Kisahani cha nne kilishinda. Unga wa mbao uligeuka makaa, ukaacha vitundu vidogo vilivyozuia joto kupita. Ukoko wake haukuwa mgumu sana, lakini nta ilikaa hadi tukachoka kuhesabu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wa Viking walitia ganda la mti. Hakuna kijazo kimoja kinachotosha. Kimoja kinashika, kingine kinazuia joto, kingine kinalinda dhidi ya oksijeni, na fundi ni yule anayejua kuvipima.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini gurudumu la gari ni jeusi na gundi ya gasketi ni nyekundu?
2. Eleza kwa nini chembe ndogo za silika hutoa nguvu zaidi kuliko mchanga wa mtoni.
3. Ukoko una faida gani, na ni nini huushika usibanduke?
4. Kwa nini kisahani chenye waya kilishindwa na chenye unga wa mbao?
5. Je, ungetumia mpira wa silikoni kwenye bomba la petroli? (Jibu: hapana. Petroli huuvimbisha. Kwa petroli kuna aina nyingine za mpira.)

TAMATI

Niliporudi kwa Mjomba nilimbebea kile kisahani cha nne. Nilimweleza yote, kuanzia mnyororo hadi ukoko. Alisikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi. Kisha akaniambia kwamba yeye amekuwa akinunua gasketi halisi na gundi nyekundu miaka yote bila kujua sababu. Alijua tu kwamba za bei rahisi zinamrudisha dukani. "Sasa nimejua," akasema, na mimi nikaona kwamba tulikuwa tumefundishana.

Deni la mkanda bado nalilipa kwa kufanya kazi kila Jumamosi. Juzi gasketi ilihitaji kubadilishwa tena. Mjomba alinipa spana, akasimama kando. Nilipangusa mafuta yote, nikapaka gundi nyekundu utepe mwembamba, nikaweka gasketi iliyotengenezewa injini ile, nikangoja ikauke ilivyoandikwa kwenye tyubu yake. Akina mama kwenye foleni walilalamika kwamba ninachelewa. Safari hii sikutaka sifa. Niliwaomba tu wasogeze watoto mbali na ekzosi, kisha nikawasha.

Haikuvuja.